Kuuza, Kuweka Wakfu au Kutoa kwa Heremu: Njia za Mwenye Shamba katika Sheria za Israeli ya Kale

Mwisraeli wa kale aliyerithi shamba kwa baba yake hakuwa na uhuru wa kulitoa mkononi mwake apendavyo, lakini pia hakuwa amefungwa nalo kabisa. Sura za 25 na 27 za Mambo ya Walawi zinampa njia tatu. Angeweza kumwuzia mtu mwingine shamba hilo kwa muda, angeweza kuliweka wakfu kwa Bwana huku akibaki na haki ya kulikomboa, au angeweza kulitoa kwa heremu, yaani ule wakfu mzito usio na ukombozi. Ulinganisho huu unazipima njia hizo kwa kumfuata mwenye shamba mwenyewe: anapata nini, analipa nini, ana nafasi ya kurudi nyuma hadi lini, na ukoo wake unabaki na nini ikifika yubile, yaani mwaka wa 50 ambao kila mtu huirudia milki yake. Pamoja na maandiko ya Torati nitatumia Mishna, yaani mkusanyo wa sheria za marabi wa Kiyahudi, hasa kitabu chake kiitwacho Arakhini, kwa sababu humo ndimo marabi wa karne za kwanza baada ya Kristo walimoyageuza maneno machache ya Walawi kuwa hesabu inayoweza kufanyiwa kazi.

Nitaanza na hukumu yangu ili msomaji aipime anapoendelea kusoma. Kwa mtu ambaye hakuwa na hakika ya kupata fedha siku za mbele, kuuza kulikuwa salama kuliko kuweka wakfu, ingawa kwa mtazamo wa kwanza mtu angedhani kwamba mali iliyo mikononi mwa hekalu ndiyo iliyo rahisi kurudi. Kuuza kulikuwa na masharti magumu katikati ya safari lakini mwisho wake ulikuwa mwema; wakfu ulikuwa na masharti laini katikati, na mwisho wake ulikuwa mkali.

Msingi wa pamoja

Njia zote zimesimama juu ya kauli moja ya Walawi 25:23, kwamba nchi haiuzwi moja kwa moja kwa kuwa ni ya Mungu, na wanaokaa juu yake ni wageni na wapitaji kwake. Kutokana na kauli hiyo huja yubile: baada ya majuma saba ya miaka, yaani miaka 49, baragumu hupigwa Siku ya Upatanisho, mwaka wa 50 hutakaswa, na kila mtu huirudia milki yake. Basi anayenunua shamba hanunui ardhi. Ananunua idadi ya mavuno yaliyosalia hadi yubile. Miaka ikiwa mingi bei hupanda, ikiwa michache bei hushuka, na Walawi 25:16 inalisema hilo waziwazi.

Kwa hiyo mtu aliyetaka kuchagua alipaswa kujiuliza kwanza maswali mawili. Shamba hili nimelirithi au nimelinunua? Na imebaki miaka mingapi kabla ya yubile? Majibu ya maswali hayo mawili yaliamua karibu kila kitu kilichofuata.

Kuuza kwa muda

Kuuza kulikuwa njia ya mwenye dhiki. Walawi 25:25 inamtaja ndugu aliyekuwa maskini akauza sehemu ya milki yake, na mara moja inamleta jamaa yake wa karibu aje alikomboe kile alichokiuza. Kama hana jamaa wa kumkomboa, lakini yeye mwenyewe akapata nguvu tena na kuwa na fedha za kutosha, atahesabu miaka iliyopita tangu auze, atamrudishia mnunuzi thamani ya miaka iliyosalia, na kurudi shambani mwake. Mfano rahisi ni huu: shamba limeuzwa kwa shekeli 40 wakati mavuno 20 yamesalia, kwa hiyo kila mavuno ni shekeli mbili. Baada ya miaka mitano mwuzaji anakuja na fedha. Mnunuzi amekwisha kula mavuno ya shekeli 10, na ukombozi ni shekeli 30. Hakuna nyongeza wala adhabu juu ya kiasi hicho. Asipopata kitu, shamba hukaa kwa mnunuzi hadi yubile, kisha hutoka kwake bila malipo.

Mnunuzi naye alilindwa. Mishna (Arakhini 9:1) inasema kwamba mwuzaji hawezi kulikomboa shamba kabla ya miaka miwili, na miaka hiyo ni lazima iwe ya mavuno ya kweli. Mwaka ambao mazao yaliharibiwa na ukaufu au koga, au mwaka wa saba wa kuipumzisha nchi, hauhesabiwi. Kisha kuna vizuizi vinavyomshangaza msomaji wa leo, kwa kuwa mwuzaji hawezi kuuza shamba lake lililo mbali ili akomboe lililo karibu, hawezi kuuza baya ili akomboe zuri, hawezi kukopa ili akomboe, wala hawezi kukomboa nusu nusu. Marabi waliyatoa hayo katika maneno ya Torati yenyewe, yanayosema kwamba mwuzaji awe amepata fedha za kutosha, nao wakaelewa kwamba lazima awe amezipata sasa, zikiwa zake, na zikitosha shamba lote. Maana yake ni kwamba maskini aliyeuza angeweza kusubiri miaka mingi akiliona shamba la baba yake likilimwa na mwingine.

Hapo ndipo jamaa alipokuwa na kazi. Habari mbili za Biblia zinaonyesha jinsi jambo hilo lilivyofanyika. Katika kitabu cha Ruthu, Boazi anakaa langoni mwa Bethlehemu mbele ya wazee kumi, na jamaa aliye karibu zaidi yake anakubali kulikomboa shamba la Elimeleki, kisha anakataa anapoambiwa kwamba pamoja na shamba yuko Ruthu Mmoabi, akihofia kuuharibu urithi wake mwenyewe. Anavua kiatu chake na kumwachia Boazi haki hiyo. Katika Yeremia 32, nabii akiwa amefungwa katika uwanda wa walinzi na jeshi la Babeli likiuzingira Yerusalemu, mwaka wa 10 wa mfalme Sedekia, binamu yake Hanameli anamjia na kumtaka anunue shamba la Anathothi kwa kuwa haki ya ukombozi ni yake. Yeremia analipa shekeli 17 za fedha, anaandika hati mbili, moja iliyotiwa muhuri na nyingine iliyo wazi, na Baruku anaamriwa azitie katika chombo cha udongo zidumu siku nyingi. Ukubwa wa shamba hautajwi, kwa hiyo bei hiyo haiwezi kulinganishwa na zile tutakazoziona hapa chini. Lakini utaratibu wa hati, mashahidi na mizani ya fedha unaonekana vizuri sana.

Naye Nabothi wa Yezreeli, aliyekataa kumpa mfalme Ahabu shamba lake la mizabibu hata kwa badala lililo bora kuliko hilo, anatukumbusha kwamba kwa wengine hata njia hii ya kwanza haikuwa ya kufikiriwa.

Kuweka wakfu shamba la urithi

Hapa mambo ni mengi zaidi, na ndipo watu hukosea kwa urahisi. Anayeuza anapokea fedha. Anayeweka wakfu hapokei kitu. Wakfu ulizaliwa na nadhiri, shukrani au hamu ya kulihudumia hekalu, wala haukuwa mlango wa kutokea katika dhiki. Kwa hakika mtu aliyekuwa na fedha angeweza kuutumia kama namna ya kutoa sadaka ya fedha: analitaja shamba, anapewa hesabu yake, analipa, na shamba linarudi kwake siku hiyo hiyo. Walawi 27 yote inachukulia kwamba watu wengi watafanya hivyo, ndiyo maana sura hiyo imejaa viwango vya bei.

Kiwango cha shamba la urithi kimewekwa katika aya ya 16: eneo linalopandwa homeri moja ya mbegu za shayiri ni shekeli 50 za fedha. Kwa kipimo cha marabi, eneo la namna hiyo ni dhiraa za mraba 75,000, yaani kati ya hekta moja na nusu na mbili kwa kutegemea urefu wa dhiraa unaokubaliwa, au tuseme ekari nne hivi. Aya ya 25 inaongeza kwamba shekeli inayotumika ni ile ya patakatifu, yenye gera 20. Akiliweka wakfu tangu mwaka wa yubile, bei ni hiyo hiyo kamili. Akiliweka baadaye, kuhani humhesabia fedha kwa kadiri ya miaka iliyosalia hadi yubile nyingine, na kiasi hicho kupunguzwa.

Mishna inalifanya punguzo hilo liwe jepesi kukokotoa. Kwa kila mwaka uliosalia, mkombozi hutoa sela moja na pundioni moja. Sela ndiyo sarafu waliyoihesabu kuwa sawa na shekeli ya Torati, na pundioni ni sehemu ya 48 ya sela. Ukizidisha kwa miaka 49 unapata shekeli 50 na chembe, kwa hiyo kanuni hiyo si ya kubahatisha. Mtu aliyetaka kukomboa kidogo kidogo, mwaka mmoja leo na mwingine kesho, hakusikilizwa, kwa kuwa fedha za miaka yote hutolewa kwa pamoja. Miezi iliyokwisha pita ndani ya mwaka haikupunguzwa kwa hasara ya hekalu. Tena Mishna inashauri mtu asiliweke shamba lake wakfu ikiwa imebaki chini ya miaka miwili kufika yubile, kwa sababu hapo punguzo la miaka halimfikii.

Jambo lililo muhimu kuliko yote katika kuchagua, nami naona halitiliwi maanani vya kutosha, ni kwamba kiwango hicho hakikujali ubora wa ardhi. Arakhini 3 inasema kwamba shamba la mchanga la Mahozi na bustani za Sebaste zilizosifiwa kwa neema yake hulipiwa sawasawa, shekeli 50 kwa homeri. Ni mabonde yenye kina cha viganja kumi na miamba yenye kimo cha viganja kumi tu ambayo hayakupimwa pamoja na shamba. Vijishimo na vijiwe vilivyo pungufu ya hapo vilihesabiwa kama udongo unaolimika. Matokeo yake yako wazi. Mwenye ardhi yenye rutuba aliweza kuiweka wakfu na kuikomboa kwa bei iliyo chini ya thamani yake sokoni, na mwenye ardhi ya mchanga alilazimika kulipa zaidi ya alichoweza kuvuna. Sioni kwamba ulikuwa uonevu uliokusudiwa. Bei moja kwa wote ilimwondolea kuhani nafasi ya kupendelea au kumkomoa mtu, na ilimwezesha mwenye shamba kujua gharama ya nadhiri yake kabla hajafungua kinywa. Lakini mwenye mchanga alipaswa kufikiri mara mbili.

Juu ya bei hiyo, mwenye shamba anayelikomboa huongeza sehemu ya tano. Tuchukue shamba la homeri moja lililowekwa wakfu ikiwa imesalia miaka 20. Bei ya msingi ni shekeli 20 na karibu nusu. Kwa usomaji wa wazi wa aya ya 19, sehemu ya tano ya kiasi hicho ni kama shekeli nne, na jumla inafika shekeli 24 na nusu. Marabi hata hivyo waliihesabu tano hiyo kwa namna nyingine, kwamba nyongeza iwe sehemu ya tano ya jumla yote baada ya kuongezwa, yaani robo ya bei ya msingi, na hapo jumla inakuwa shekeli 25 na nusu. Mtu mwingine asiye mwenye shamba akilikomboa kutoka hekaluni, haongezi sehemu hiyo.

Upande wa unafuu, vile vizuizi vyote vya kuuza vinaondoka. Aliyeweka wakfu anaweza kuuza shamba jingine ili akomboe hili, anaweza kukopa, na anaweza kukomboa nusu. Mishna yenyewe (Arakhini 9:2) inasema kwamba katika jambo hili mali ya mtu wa kawaida ni nzito kuliko mali ya hekalu. Sababu inaeleweka, kwa kuwa mnunuzi ni Mwisraeli mwenzako aliyetoa fedha zake kwa matumaini ya mavuno, na hastahili kusumbuliwa na mwuzaji anayebadili nia kila msimu; hekalu, kwa upande wake, halikutoa fedha yoyote, na linafurahi kupokea.

Sasa uje ule mwisho mkali. Aya za 20 na 21 zinasema kwamba kama mwenye shamba hakulikomboa, au kama shamba limeuzwa kwa mtu mwingine, halitakombolewa tena. Yubile ikifika, halirudi kwa ukoo wake bali linakuwa takatifu kwa Bwana kama shamba la heremu, na milki yake ni ya kuhani. Ni nani aliyeliuza? Ukisoma aya peke yake unaweza kudhani kwamba ni mwenye shamba aliyelitoa kwa hekalu kisha akaliuza kwa siri, na kwamba kulipoteza ni adhabu ya udanganyifu wake. Mapokeo ya marabi, yanayofuatwa na Rashi, mfafanuzi wa Kiyahudi wa karne ya 11, yanasema mwuzaji ni mtunza hazina wa hekalu, aliyempa mtu mwingine nafasi ya kulikomboa mwenye shamba alipochelewa. Usomaji wa kwanza ni rahisi kwa sarufi. Wa pili unaeleza vizuri zaidi jinsi jambo lilivyoendeshwa. Kwa usomaji wowote, mwenye shamba aliyelala anaamka yubile ikiwa imempita.

Mishna inataja njia ya kuponea iliyo nyembamba. Mwana akilikomboa shamba la baba yake kutoka hekaluni, yubile linarudi kwa baba. Mtu mwingine au jamaa akilikomboa, kisha mwenye shamba akalinunua kutoka kwake kabla ya yubile, haliendi kwa makuhani. Lakini likibaki mkononi mwa huyo mwingine hadi yubile, limetoka. Angalia tofauti na kuuza: kule jamaa wa karibu anaokoa urithi wa ukoo, huku jamaa asiye mwana hawezi kuuokoa bila mwenyewe kuingia kati.

Kulikuwa pia na shauri kuhusu shamba ambalo hakuna mtu yeyote aliyelikomboa hadi yubile. Rabi Yuda alisema makuhani wanaliingia na kulipa bei yake kwa hekalu. Rabi Simeoni alisema wanaliingia bila kulipa. Rabi Eliezeri alisema hawaliingii wala hawalipi, bali linaitwa shamba lililotelekezwa hadi yubile ya pili. Kwa ukoo uliolipoteza, mjadala huo ulikuwa wa watu wengine.

Ni nani achague lipi

Nikiziweka njia hizi mbili bega kwa bega, mwenye njaa hana uchaguzi: anauza, kwa sababu wakfu hautamlisha. Mwenye nadhiri ambaye fedha anazo, na ambaye shamba lake ni zuri, anafanya vema kuweka wakfu mapema baada ya yubile au wakati wowote, mradi akomboe bila kukawia. Anatoa sadaka ya kiasi kinachojulikana, na sehemu ya tano ni ongezeko juu ya sadaka hiyo. Mwenye nadhiri ambaye fedha hana ndiye aliye hatarini. Mtu huyo akiliweka shamba wakfu kwa kutumaini mavuno ya miaka ijayo, anaweza kukopa na kukomboa nusu, ndiyo, lakini asipofanya hivyo anauondoa urithi katika ukoo wake milele. Heri mtu huyo aahidi fedha au mnyama kuliko ardhi. Na ikiwa moyo wake umeshikamana na ardhi ile ile, miaka iliyosalia ndiyo imwongoze: kadiri yubile inavyokaribia ndivyo bei ya ukombozi inavyoshuka, lakini ndivyo pia muda wa kuitafuta unavyokwisha.

Walawi walikuwa na hali yao ya pekee. Nyumba za miji yao zilikombolewa wakati wowote, na malisho ya viunga vya miji hiyo hayakuuzwa kabisa. Mishna inawajumlisha makuhani na Walawi pamoja: huuza daima na kukomboa daima.

Shamba la kununua

Aliyenunua shamba la mtu mwingine, kisha akaliweka wakfu, hakuwa na ardhi ya kutoa. Alikuwa na mavuno tu. Ndiyo maana aya za 22 hadi 24 zinamtaka alipe siku ile ile kiasi ambacho kuhani amemhesabia hadi yubile, na yubile shamba linarudi kwa yule wa ukoo ambaye milki ni yake kwa asili. Bei hapa si shekeli 50 kwa homeri bali ni thamani halisi ya shamba, na sehemu ya tano haitajwi. Rabi Eliezeri peke yake alishikilia kwamba aina zote mbili hulipiwa kwa kiwango kimoja, na kwamba tofauti yao ni ile sehemu ya tano tu.

Kwa mnunuzi, basi, wakfu haukuwa na hatari ya kupoteza urithi, kwa kuwa urithi haukuwa wake. Na kwa ukoo wa asili huo ulikuwa ulinzi mkubwa, kwani hapakuwa na tajiri aliyeweza kununua mashamba ya maskini kisha kuyamimina hekaluni yasirudi tena.

Heremu

Heremu inaelezwa kwa aya moja fupi, Walawi 27:28: chochote mtu alichokitoa kwa Bwana kwa namna hiyo, kiwe mtu, mnyama au shamba la milki yake, hakiuzwi wala hakikombolewi, ni kitakatifu sana. Hesabu 18:14 inawapa makuhani kila kitu cha heremu katika Israeli. Hakuna bei, hakuna hesabu ya miaka, hakuna tano. Marabi walibishana kama heremu iliyotamkwa bila kutaja makusudi inakwenda kwa makuhani au kwa matengenezo ya hekalu. Rabi Yuda mwana wa Betera alisema kwa matengenezo, na wenzake wakasema kwa makuhani.

Kwa sababu njia hii haina mlango wa kurudia, iliwekewa mipaka kabla ya kuingiwa. Mtu aliweza kutoa heremu sehemu ya mifugo yake na sehemu ya mashamba yake, lakini akitoa yote, kwa Rabi Eliezeri heremu hiyo haisimami. Rabi Eleazari mwana wa Azaria aliongeza kwamba ikiwa hata kwa Mungu mtu haruhusiwi kutoa mali yake yote, basi anapaswa zaidi kuichunga katika mambo mengine. Na shamba la kununua haliingii heremu hata kidogo, kwa kuwa mtu hatoi heremu kitu kisicho chake.

Msomaji wa pwani yetu anayejua wakfu wa Kiislamu ataona kwamba wakfu wa Walawi 27:16, unaokombolewa kwa fedha, haufanani na ule wa msikiti wa mtaani kwake. Katika madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na wengi kuanzia Lamu hadi Kilwa, wakfu ukishatamkwa umefunga, mwenyewe hawezi kuurudisha, na mali haiuzwi wala hairithiwi. Kwa upande huo unakaribiana na heremu. Lakini hata hapo kuna tofauti, maana shamba la heremu likishafika mkononi mwa kuhani ni mali yake ya kawaida, ilhali shamba la wakfu wa Kiislamu hubaki limefungwa na mazao yake ndiyo hutolewa kwa waliotajwa. Anayezisoma sheria hizi kwa kutumia mazoea ya wakfu wa pwani atakosea pande zote mbili.

Kwa maoni yangu, heremu ya shamba la urithi ilimfaa mtu wa aina moja tu, yaani yule mwenye ardhi ya ziada ambaye ameamua, kwa akili zilizotulia, kwamba sehemu hiyo iende kwa makuhani na isirudi kamwe.

Nyumba

Nyumba inaelezwa kwa haraka, isipokuwa kwa jambo moja. Nyumba iliyowekwa wakfu hukadiriwa na kuhani kwa uzuri au ubaya wake, na mwenyewe akiikomboa huongeza sehemu ya tano, yubile haiguswi. Nyumba iliyouzwa katika kijiji kisicho na boma huhesabiwa kama shamba na hurudi yubile. Nyumba iliyouzwa ndani ya mji wenye boma, hata hivyo, ina mwaka mmoja tu wa ukombozi, na mwaka ukipita ni ya mnunuzi moja kwa moja na yubile haiitoi. Mishna inaihesabu miji hiyo kuwa ile iliyokuwa na boma tangu siku za Yoshua mwana wa Nuni.

Hapo palitokea hila. Mnunuzi alikuwa akijificha siku ya mwisho ya miezi 12 ili mwuzaji asimpate wa kumlipa, na nyumba imwangukie. Hileli, mmoja wa walimu wakuu wa Kiyahudi, akaamuru kwamba mwuzaji atupe fedha zake katika chumba cha hekalu, avunje mlango na kuingia, na mnunuzi aje kuchukua fedha zake wakati wowote atakao. Kwa hiyo mwenye nyumba ya mjini aliyekuwa akichagua kati ya kuuza na kuweka wakfu alikuwa katika hali iliyo kinyume cha mwenye shamba, kwa sababu kwake kuuza ndiko kulikokuwa na mwisho mkali, na siku ya mwisho ilihesabiwa kwa saa.

Yubile ilipokoma

Talmudi, yaani mkusanyo wa mijadala ya marabi juu ya Mishna, inasema kwamba yubile iliacha kutumika tangu makabila ya Reubeni, Gadi na nusu ya Manase yalipohamishwa, kwa kuwa sharti lake ni wakaaji wote wawe katika nchi. Bila yubile, hesabu ya sela na pundioni haikuwa na pa kuanzia wala pa kuishia. Shamba lililowekwa wakfu wakati huo lilipigwa mnada, na mwenyewe aliambiwa afungue bei wa kwanza, kwa kuwa yeye huongeza sehemu ya tano na wengine hawaongezi. Mshindani akisema 21 baada ya mwenyewe kusema 20, mwenyewe hupata shamba kwa 26, yaani 21 za mshindani na ile sehemu ya tano ya 20 zake, ambayo kwa hesabu ya marabi ni 5.

Mishna inasimulia habari ya mtu aliyeliweka shamba lake wakfu kwa sababu lilikuwa baya. Aliambiwa afungue bei, akasema analichukua kwa isari moja, sarafu ndogo. Rabi Yose alisema kwamba hakutaja hata isari, bali thamani ya yai. Hakuna aliyeongeza juu yake. Wakamwambia, limekuwa lako; akawa amepoteza isari moja na shamba lake likiwa mbele yake. Chini ya kiwango cha shekeli 50, mtu huyo huyo mwenye ardhi mbovu angelipa bei ya bustani za Sebaste. Na baada ya hekalu kuharibiwa hata mnada huo ulifungwa, kwani Talmudi katika kitabu cha Avoda Zara iliamua kwamba katika wakati huu hakuna kuweka wakfu, hakuna kukadiria nadhiri, na hakuna heremu.